Mtoto anayelamba chumvi na kuchoka kila siku

Chukulia kijana wa miaka 13, yuko darasa la saba. Mwaka jana alikuwa wa kwanza kuamka na wa kwanza kufika uwanjani. Siku hizi mama yake humwamsha mara tatu, na akishaamka hukaa kitandani dakika nyingi akitazama ukuta. Suruali ya shule imemlegea kiunoni. Chakula hakina ladha kwake, ila akipita jikoni huchota chumvi kwa kidole na kulamba, na embe mbichi haili mpaka ionekane nyeupe kwa chumvi. Akisimama ghafla hupata kizunguzungu. Tumbo huuma leo, kesho limepoa. Bibi yake, aliyekuja kutoka kijijini baada ya mwaka mzima, ndiye anayesema jambo ambalo wa nyumbani hawakuliona kwa sababu wanamwona kila siku: "Mbona mjukuu wangu amekuwa mweusi hivi?"

Familia yenye mtoto wa namna hii kwa kawaida imeshatembea sana. Zahanati ya kwanza ilitibu malaria, ya pili homa ya matumbo, ya tatu ikasema ni UTI. Dawa ya minyoo amekunywa, dawa ya vidonda vya tumbo pia. Baba anasema ni uvivu na simu. Jirani anasema kuna mkono wa mtu. Kila mmoja anaongea kwa nia njema, na kila mmoja anampotezea mtoto wiki kadhaa.

Kinachoweza kuwa kinamsumbua ni upungufu wa homoni za tezi za adrenali. Ni ugonjwa usiotokea mara nyingi, na ndiyo maana husahaulika. Lakini ni kati ya yale magonjwa machache ambayo tiba yake ni vidonge vidogo vya kila siku, na ambayo yasipotambuliwa huua mtoto ndani ya saa chache kwa homa ambayo kaka yake angeivuka kwa panadol na uji.

Tezi mbili juu ya figo

Adrenali ni tezi mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia. Kwa mtu mzima kila tezi ina uzito wa gramu 4 hadi 5 tu. Pamoja na udogo huo, hutengeneza homoni ambazo mtu hawezi kuishi bila hizo.

Ya kwanza ni kotisoli. Hii hushikilia sukari ya damu isishuke mtu anapokaa bila kula, husaidia mishipa kubakiza shinikizo la damu, na huupa mwili nguvu ya kukabili homa, jeraha au upasuaji. Huwa nyingi alfajiri, kabla na baada ya kuamka, na huwa kidogo sana usiku wa manane. Mtu mzima kiafya anapougua, tezi huongeza kotisoli mara kadhaa bila yeye kujua. Asiyekuwa na akiba hiyo hubaki mikono mitupu.

Ya pili ni aldosteroni, ambayo huziamuru figo zibakize chumvi na zitoe potasiamu. Ikikosekana, chumvi hutoka na mkojo, maji huifuata, shinikizo la damu hushuka, na potasiamu hujaa kwenye damu hadi kutishia moyo. Hapo ndipo ilipo siri ya kijana anayelamba chumvi. Si tabia mbaya. Mwili wake unadai kile unachopoteza.

Weusi nao una maelezo yake. Tezi nyingine, pituitari, iliyoko chini ya ubongo, hutuma homoni iitwayo ACTH kuziamrisha adrenali zifanye kazi. Adrenali zisipoitika, pituitari huzidi kutuma. ACTH ikiwa nyingi mno huziamsha pia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Vitabu vingi vya udaktari huonyesha jambo hili kwa picha za Wazungu waliogeuka kahawia, na hiyo haimsaidii sana mhudumu wa afya wa kwetu. Kwa ngozi nyeusi mahali pa kutazama ni fizi, ulimi, ndani ya mashavu, mistari ya viganja, vifundo vya vidole na makovu mapya. Waafrika wengi wana mabaka meusi kwenye fizi tangu utoto na si ugonjwa hata kidogo. Kinachotafutwa ni mabadiliko. Picha ya sikukuu ya mwaka jana iliyoko kwenye simu, ikiwekwa karibu na uso wa mtoto leo, inaweza kumwambia daktari mengi kuliko maelezo ya nusu saa.

Aliyeeleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza ni Thomas Addison, daktari wa Guy's Hospital mjini London, mwaka 1855. Mpaka leo, tezi zenyewe zinapoharibika, huitwa ugonjwa wa Addison. Baadhi ya wagonjwa aliowachunguza baada ya kufa walikutwa na kifua kikuu ndani ya tezi. Katika nchi tajiri sababu kubwa sasa ni kinga ya mwili kugeuka na kuzishambulia tezi zake yenyewe. Hilo hutokea hata huku, lakini pale TB ilipo nyingi, TB bado inahesabika, na VVU pamoja na maambukizi yanayoandamana navyo pia vinaweza kuziharibu. Wenye TB wana hatari nyingine ya kipekee: rifampisini, moja ya dawa zake kuu, huharakisha kuondolewa kwa kotisoli mwilini. Mgonjwa ambaye tezi zake zilikuwa zikijikokota anaweza kuzidiwa wiki za kwanza za dozi, watu wakadhani ni dawa zimemkataa. Dozi ya TB haiachwi kwa sababu hiyo. Kinachotakiwa ni kurudi kliniki haraka na kusema.

Mtoto mchanga anayetapika wiki ya pili

Kwa watoto wadogo sababu inayoongoza ni nyingine, nayo ni ya kuzaliwa. Mtoto hurithi kasoro ya kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza kotisoli, na mara nyingi aldosteroni pia. Tezi hupanuka zikijitahidi, na malighafi iliyokwama hugeuzwa kuwa homoni za kiume. Katika nchi zinazopima watoto wote wanapozaliwa, hali hii huonekana kwa mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 20,000. Baba na mama huwa wazima kabisa, ila kila mmoja amebeba nakala moja yenye kasoro, na kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Hakuna aliyekosea chakula wakati wa ujauzito, wala hakuna ukoo wenye laana.

Mtoto wa kike anaweza kuzaliwa na sehemu za siri zisizoeleweka vizuri, kiasi kwamba mkunga anasita kutamka ni wa jinsia gani. Kusita huko ni bahati, maana humfikisha kwa daktari mapema. Familia iliyoambiwa "subirini vipimo" ifanye hivyo bila haraka ya kutoa jina, na bila kumficha mtoto ndani kwa aibu. Wengi wao ni wasichana wenye kizazi na mayai kama wengine.

Wa kiume ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu huonekana sawasawa. Anaruhusiwa hospitali, anapelekwa nyumbani, watu wanakuja na zawadi. Kisha kati ya wiki ya kwanza na ya tatu anaanza kutapika. Hanyonyi kwa nguvu. Uzito unashuka badala ya kupanda. Analegea, macho yanaingia ndani, pengine anapata degedege kwa sababu sukari imekwisha. Nyumbani husemwa ni mchango, au jicho la watu, na huletwa dawa ya kuchemsha. Hospitalini nako anaweza kuchukuliwa kama mwenye maambukizi ya damu au tumbo lililoziba njia.

Kipimo kimoja cha madini ya damu hufungua macho: sodiamu iko chini na potasiamu iko juu. Mtoto anayetapika kwa sababu njia ya tumbo imeziba, potasiamu yake kwa kawaida hushuka. Mzazi hahitaji kuyajua hayo yote. Anahitaji kujua kwamba mtoto wa wiki mbili anayetapika na kupungua uzito ni mgonjwa wa leo, si wa kesho, na kwamba kama aliwahi kufiwa na mtoto mwingine katika umri uleule kwa namna ileile, jambo hilo lisemwe mlangoni kabisa, hata kama linauma kulisema.

Steroidi za dukani

Kuna njia nyingine ya kufikia upungufu huu, nayo hupita dukani. Prednisoloni, deksamethasoni na dawa za jamii hiyo ni kotisoli ya kutengenezwa. Zinaokoa wenye pumu kali, wenye ugonjwa wa figo, wenye mzio. Lakini zikitumika zaidi ya wiki tatu au nne, ubongo huona kotisoli ipo ya kutosha na kuacha kuziamrisha adrenali. Tezi hulala. Dawa ikikatwa ghafla, kwa kuwa hela imeisha au mtoto "ameshapona", tezi haziamki siku hiyo. Zinaweza kuhitaji wiki, wakati mwingine miezi. Ndiyo maana daktari hupunguza dozi hatua kwa hatua, na ndiyo maana karatasi yake ya kupunguza dozi inatakiwa kufuatwa mpaka mstari wa mwisho. Kozi ya siku tatu hadi tano kwa shambulio la pumu haileti shida hii kwa kawaida, kwa hiyo mzazi asimnyime mtoto dawa kwa hofu.

Shida kubwa iko kwenye steroidi ambazo mtumiaji hajui kama ni steroidi. Krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, zikiwemo zile zinazochanganywa kwenye mkorogo, hupenya na kuingia kwenye damu. Baadhi ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani huwa na deksamethasoni ndani. Kuna akina mama wanaompaka mtoto krimu hizohizo kwa ajili ya upele wa nepi, na ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, nepi ikifunika juu yake dawa huingia kwa wingi. Mtoto huyu hunenepa mashavu, ndugu wakasifu afya yake, kumbe tezi zimelala. Kwa aliyepata upungufu kwa njia hii ngozi haiwi nyeusi na hamu ya chumvi huwa haipo, kwa sababu ACTH iko chini na aldosteroni haijaguswa. Uchovu, kizunguzungu, kichefuchefu na sukari kushuka vinabaki vilevile.

Daktari akiuliza "anatumia dawa gani?" jibu liwe kamili: za pumu, za kupaka, za macho, za mganga, na ile krimu isiyo na maandishi. Vikopo vyenyewe vikiwekwa kwenye mfuko na kupelekwa, ni bora zaidi. Prednisoloni inaweza hata kudanganya mashine ya maabara ikasoma kotisoli nyingi wakati mwili hauna.

Vipimo

Turudi kwa kijana wa darasa la saba. Akifika kwa daktari aliyelikumbuka jambo hili, kazi si kubwa. Atapimwa shinikizo la damu akiwa amelala na kisha amesimama, sukari, sodiamu na potasiamu. Kipimo kinachofuata ni kotisoli ya asubuhi, saa mbili hadi saa tatu, wakati ambapo inatakiwa kuwa juu. Kupima saa kumi jioni ni kutupa pesa. Kotisoli ya asubuhi ikiwa chini ya nanomoli 100 kwa lita, upungufu ni karibu hakika. Ikiwa juu sana, ugonjwa unawekwa kando. Wengi huangukia katikati.

Hao wa katikati hufanyiwa kipimo cha kuichokoza tezi. Hupimwa kotisoli, hudungwa ACTH ya kutengenezwa, kwa kawaida mikrogramu 250, kisha damu huchukuliwa tena baada ya dakika 30 na 60. Tezi nzima hupandisha kotisoli. Iliyoharibika au iliyolala muda mrefu haipandishi. ACTH ya damu nayo hupimwa: ikiwa juu, kasoro iko kwenye adrenali, ikiwa chini, kasoro iko kichwani au kwenye dawa. Sampuli yake huharibika upesi na huhitaji barafu. Vipimo hivi havipatikani kila mahali na si rahisi kifedha. Mara nyingi ni hospitali za rufaa za miji mikubwa na maabara binafsi. Mtoto mchanga hupimwa pia homoni ile iliyokwama njiani. Baada ya hapo hutafutwa chanzo, kwa picha ya kifua, kipimo cha TB na VVU, na picha ya tumbo.

Jambo moja halina mjadala kwa madaktari wa fani hii: mtoto aliyezidiwa hatibiwi baada ya majibu. Damu ikishachukuliwa, na hata isipowezekana kuchukuliwa, sindano ya haidrokotisoni hutolewa papo hapo. Kumpa asiyeihitaji dozi moja hakudhuru. Kumcheleweshea anayeihitaji kunaweza kumuua.

Vidonge vya maisha

Hadi miaka ya 1940 aliyepata ugonjwa wa Addison alikuwa akihesabiwa siku. Mwishoni mwa muongo huo kotisoni ilianza kutumika kwa wagonjwa, na mwaka 1950 Edward Kendall, Tadeus Reichstein na Philip Hench walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya homoni hizi. John F. Kennedy alikuwa na ugonjwa wa Addison na alitumia dawa hizo akiwa Rais wa Marekani, ingawa wasaidizi wake walilificha jambo hilo.

Dawa inayopendekezwa kwa watoto ni haidrokotisoni ya vidonge, mara tatu kwa siku, dozi kubwa ikiwa ya asubuhi mara tu anapoamka. Hupimwa kwa ukubwa wa mwili, hivyo mtoto akikua dozi nayo hubadilika, na ndiyo maana kliniki haiishi. Aliyepoteza aldosteroni hupewa pia fludrokotisoni mara moja kwa siku, na mtoto mchanga huongezewa chumvi kidogo kwenye maziwa kwa kipimo cha daktari. Ugumu ni kwamba vidonge hivi hukosekana kwenye maduka mengi ya dawa, na familia hulazimika kuagiza kutoka mji mwingine. Pale haidrokotisoni inapokosekana kabisa, daktari anaweza kutumia prednisoloni kwa dozi ndogo iliyokokotolewa kwa uangalifu, akijua kwamba ikizidi hudumaza urefu. Kinachotakiwa ni kuagiza kopo jipya wakati la zamani lina wiki tatu, si siku tatu.

Wazazi wengi wakisikia "steroidi ya maisha" hushtuka, kwa kuwa wamesikia habari za kuvimba uso na mifupa kudhoofika. Madhara hayo ni ya dozi kubwa kuliko mahitaji ya mwili. Hapa mtoto anarudishiwa kile ambacho tezi zake zingetengeneza, hakuna cha ziada. Anayepata dozi sahihi hucheza, husoma, huoa au huolewa.

Siku ya homa

Hatari yote iko siku ambayo mwili unahitaji zaidi. Mtoto akipata homa, malaria, kuharisha, akivunjika mkono au akitakiwa kung'olewa jino, dozi ya haidrokotisoni huongezwa mara mbili au tatu hadi apone, kama daktari alivyoandika kwenye karatasi yake. Akitapika kidonge, arudishiwe. Akitapika tena, vidonge havina kazi; sasa ni sindano na safari ya hospitali, hata kama ni saa nane ya usiku na bodaboda ndiyo usafiri pekee.

Sindano hiyo ni haidrokotisoni ya unga inayochanganywa na maji ya sindano na kudungwa kwenye msuli wa paja. Kipimo cha dharura kinachotumika sana ni miligramu 25 kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, 50 kwa wa mwaka 1 hadi 5, na 100 kuanzia miaka 6 na kwa mtu mzima. Nyumba yenye mgonjwa inafaa iwe nayo, na watu wawili wafundishwe na muuguzi jinsi ya kuichoma. Mama peke yake hatoshi, maana siku hiyo anaweza kuwa sokoni. Hospitalini ataongezewa dripu ya maji ya chumvi na sukari.

Zamu ya usiku mara nyingi haijawahi kumwona mgonjwa wa namna hii. Kwa hiyo mtoto awe na kadi au bangili yenye maandishi makubwa: ana upungufu wa homoni za adrenali, apewe haidrokotisoni ya sindano mara moja. Mama anayesimama mapokezi na kadi mkononi anasikilizwa tofauti na mama anayelia, ingawa haikupaswa kuwa hivyo. Picha ya kadi hiyo ikae pia kwenye simu ya baba, ya mama na ya dada wa kazi.

Akienda shule ya bweni, barua ya daktari imfikie mwalimu mkuu na matroni kabla ya begi. Vidonge vya asubuhi visingoje kengele ya uji, ruhusa ya kunywa maji na kuongeza chumvi isiwe ya kuombwa, na asifukuzwe mchakamchaka akiwa na homa. Matroni aonyeshwe sindano ilipo.

Kuhusu Ramadhani, kijana anayetaka kufunga aende kwa daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Wengine hubadilishiwa dawa na ratiba wakaweza. Wengine, hasa wadogo na wale waliowahi kuzidiwa, huambiwa wasifunge, na mgonjwa anayo ruhusa ya dini. Aliyefunga akapata kizunguzungu, jasho la baridi au kutapika, hafikishi magharibi: anafungua palepale, anakunywa dawa na kitu cha sukari, na mtu mzima anakaa naye.